Miaka minne na fomu ya J-SOAP-II katika mashauri ya watoto Mtwara

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitumia fomu ya kutathmini hatari ya kurudia kosa, iitwayo J-SOAP-II, katika mashauri ya wavulana waliowafanyia watoto wenzao ukatili wa kingono, nikiwa afisa ustawi wa jamii katika mojawapo ya halmashauri za mkoa wa Mtwara. Wenzangu wa Lindi, pamoja na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, huniuliza mara kwa mara kama fomu hiyo inafaa na kama inaweza kupelekwa mahakamani. Nimeona niandike maoni yangu kwa ukamilifu, kwa sababu nimeshuhudia namna alama moja iliyoandikwa bila uangalifu inavyoweza kumwondoa mtoto kwao pasipo sababu, au kumwacha mtoto mwingine ndani ya nyumba ambamo hayuko salama.

Fomu hii ilitungwa nchini Marekani na Robert Prentky na Sue Righthand, na toleo la pili, ambalo ndilo ninalolizungumzia, lilitoka mwaka 2003. Imekusudiwa wavulana wa miaka 12 hadi 18. Ina vipengele 28 vilivyogawanywa katika sehemu nne: sehemu ya kwanza inahusu historia ya matendo ya kingono yenyewe, ya pili inahusu ukaidi na uvunjaji wa taratibu kwa jumla, ya tatu inahusu namna kijana anavyopokea msaada, na ya nne inahusu utulivu wa maisha yake nyumbani, shuleni na mtaani. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2, hivyo jumla ya juu kabisa ni 56. Inapatikana bure pamoja na mwongozo wake, na gharama yangu pekee imekuwa kuichapisha steshenari. Nakala yangu ni ya Kiingereza. Mahojiano nayafanya kwa Kiswahili, na pale ambapo bibi wa mtoto anajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, naomba mjumbe wa kamati ya ulinzi wa mtoto ya kijiji anisaidie, baada ya kuapa kutunza siri.

Nianze na wema wake, maana ni mkubwa. Kabla ya fomu hii, mahojiano yetu na mvulana wa namna hiyo yalikuwa na swali moja: umekiri au hujakiri? Akikiri, wazee walipendekeza fimbo na fidia, na jambo likaisha. Akikana, kila mtu alirudi nyumbani na mtoto aliyedhuriwa akabaki na maumivu yake. J-SOAP-II ilinilazimisha kuuliza mambo ambayo nisingeyauliza. Je, huyu mvulana mwenyewe amewahi kufanyiwa ukatili? Je, ameshuhudia mama yake akipigwa? Je, hasira zake zinatokea mahali pamoja au kila mahali? Ana rafiki hata mmoja wa rika lake, au muda wote yuko na watoto wadogo? Katika jalada moja, la mvulana wa miaka 14, swali la kipigo cha nyumbani ndilo lililofungua kinywa cha mama yake, ambaye alikuwa amekaa saa nzima ameinamisha kichwa. Yaliyofuata katika mazungumzo yale yalinifundisha kuhusu nyumba ile kuliko maelezo yote ya polisi.

Jambo la pili ninalolisifu ni kwamba sehemu ya tatu na ya nne zinapima mambo yanayobadilika, na mwongozo unasisitiza kwamba tathmini irudiwe angalau kila baada ya miezi sita. Hilo pekee ni fundisho. Mtoto wa miaka 13 leo si yule atakayekuwa na miaka 15, na karatasi iliyojazwa mwezi Januari haina haki ya kumsemea mwezi Desemba. Watunzi wenyewe wameandika kwamba fomu isitumike peke yake kuamua jambo lolote, na hawakuweka kiwango cha alama ambacho mtu akikivuka anaitwa hatari. Inasikitisha kwamba wengi wanaoitumia hawausomi mwongozo, wanasoma karatasi ya alama tu.

Sasa nije kwenye yale yanayonipa shida, nami nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu fomu iliyotungwa Marekani ikiletwa Newala au Nachingwea bila kufikiriwa upya inaweza kusema uongo kwa sauti ya kitaalamu.

Kuna kipengele kinachopima uthabiti wa malezi, yaani ni mara ngapi mtoto amebadilisha walezi kabla ya kufikisha miaka 10. Kadiri mabadiliko yanavyokuwa mengi, ndivyo alama inavyopanda. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito kuhusu mtoto wa dada yake. Ni jambo la kawaida mtoto kuachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, akafikia umri wa shule akahamia kwa mjomba anayeishi karibu na shule, kisha akarudi kwa mama msimu wa kilimo. Fomu inayaona hayo kuwa ni mtoto aliyetupwatupwa. Mimi ninayeifahamu familia naona mtoto aliyezungukwa na watu wanaomjua jina na tabia. Bila shaka wapo watoto waliotupwa kweli, wanaohamishwa kwa sababu hakuna anayewataka, na hao wana majeraha makubwa. Lakini fomu haina njia ya kuwatofautisha na wale wengine, na afisa asiyejua ukoo unavyokwenda atawapa wote alama sawa.

Upande mwingine wa mizani, vipo vipengele vinavyouliza kama kijana amewahi kushtakiwa au kukamatwa. Katika vijiji vyetu mambo haya humalizwa kifamilia mara nyingi mno: wazee wanakaa, fidia inalipwa, msichana anaambiwa anyamaze, na hakuna jalada linalofunguliwa popote. Mvulana aliyefanya jambo hilo mara tatu, kwa watoto watatu, anaweza kuonekana kwenye fomu kama mtu asiye na historia yoyote. Hivyo basi kipengele kimoja kinampandisha mtoto bila sababu na kingine kinamshusha bila sababu, na makosa hayo mawili yakikutana katika jumla, inatoka namba inayoonekana ya kuaminika kabisa. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi ya yote katika chombo hiki: jumla inaficha makosa yaliyoizaa.

Kisha kuna suala la kukubali kosa, kujutia na kumwonea huruma aliyedhuriwa. Vipengele hivyo vinamtaka kijana aeleze kwa maneno yake. Kijana wa kusini akiitwa mbele ya mjomba wake, mwenyekiti wa kijiji na afisa kutoka mjini, adabu inamtaka anyamaze, atazame chini na aitikie. Ukimya huo ukiusoma kama ukaidi, umemkosea. Na maneno ya kukiri yaliyotoka baada ya kipigo, ukiyasoma kama toba, umewakosea wote, kwa sababu aliyepigwa hadi akakiri amejifunza tu kwamba mwenye nguvu hupata anachotaka. Siku hizi siyajazi maeneo hayo katika kikao cha kwanza. Naenda mara ya pili na ya tatu, bila wazee, tunakaa barazani au chini ya mkorosho, na mengi husemwa siku hizo.

Jando nalo lazima litajwe. Mvulana aliyetoka jandoni amefundishwa kuhusu mwili kwa nyimbo na mafumbo ambayo mgeni akiyasikia anaweza kudhani kijana huyu amezama katika mawazo ya kingono, na akampa alama 2 katika kipengele kisichomstahili. Ninavyofahamu mimi, hatari iliyopo huja baadaye: mvulana wa miaka 11 au 12 aliyekwisha kuchezwa huanza kuhesabiwa mtu mzima, hupewa chumba chake cha nje, na huachiwa wadogo zake awatunze usiku wakati wazazi wamelala mashambani msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mashauri mengi niliyoyashughulikia yalianzia katika miezi hiyo. Fomu haiulizi nani alikuwa na watoto usiku. Kwa hiyo nimeongeza ukurasa wangu mwenyewe, usio na alama wala jumla, ambao unaorodhesha nani analala chumba gani, nani anawaogesha wadogo, nani anawasindikiza kisimani, na nini hubadilika korosho zikianza kudondoka.

Je, utafiti unasema nini kuhusu uwezo wa fomu hii kubashiri nani atarudia? Mwaka 2012 Jodi Viljoen na wenzake walikusanya tafiti 33 zilizohusu wavulana 6,196 na kulinganisha vyombo kadhaa, J-SOAP-II ikiwamo. Kwa kipimo ambacho 0.50 ni sawa na kurusha sarafu na 1.00 ni kutokosea kamwe, jumla za alama za vyombo hivyo zilipata kati ya 0.64 na 0.67. Kwa lugha nyepesi, ukichukua kijana mmoja aliyerudia na mwingine asiyerudia, fomu itampa alama ya juu yule aliyerudia katika takribani jozi mbili kwa kila tatu. Si bure, lakini hakuna anayeweza kumpeleka mtoto mbali na kwao kwa uhakika wa namna hiyo.

Lipo na jambo jingine ambalo watu wengi, wakiwamo watumishi wenzangu, hulipokea kwa mshangao. Michael Caldwell, katika uchambuzi wake wa mwaka 2016, aliunganisha takwimu za vijana 33,783 kutoka tafiti 106, na akakuta kwamba waliopatikana tena na kosa la kingono walikuwa asilimia 4.92 kwa wastani wa muda wa miaka mitano hivi. Katika tafiti za tangu mwaka 2000 kiwango kilishuka hadi asilimia 2.75. Takwimu hizo zinahesabu makosa yaliyofika kwenye vyombo vya sheria, nasi tunaofanya kazi vijijini tunajua ni mangapi hayafiki, kwa hiyo sizichukui kama hesabu ya Mtwara. Hata hivyo, zinabomoa imani iliyozoeleka kwamba mvulana aliyefanya kitendo hiki mara moja amekuwa mbakaji wa maisha. Na jambo likiwa adimu kiasi hicho, chombo cha wastani kinachojaribu kulibashiri kitawaita hatari vijana wengi ambao wasingerudia kamwe.

Kwa sababu hiyo siandiki jumla ya alama katika taarifa ya ustawi wa jamii ninayoipeleka Mahakama ya Watoto. Hakimu mmoja aliwahi kuniuliza moja kwa moja, "Afisa, ni alama ngapi?" Nilimweleza kwa heshima kwamba alama hazikusanifiwa kwa watoto wa hapa, kisha nikamsomea mambo manne yanayoongeza hatari, matatu yanayoipunguza, na yale tunayokusudia kuyafanya. Alinisikiliza hadi mwisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na Kanuni ya Adhabu inamwondolea jinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Uamuzi mzito unaobaki mezani kwa hakimu mara nyingi ni kati ya kumrudisha kijana kwenye jamii chini ya uangalizi na kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, upande mwingine kabisa wa nchi, ambako mama yake huenda asimfikie hata mara moja kwa mwaka. Sitaki jumla ya alama iwe ndiyo iliyoamua safari hiyo.

Kwa wanaotaka kulinganisha, nimewahi kusoma na kujaribu vyombo viwili vingine. ERASOR, ya James Worling na Tracey Curwen ya mwaka 2001, ina vipengele 25 na haijumlishi alama. Mtathmini huandika kama jambo lipo, lipo kwa sehemu, halipo au halijulikani, kisha hutoa uamuzi wake. Napenda sana kwamba "halijulikani" ni jibu halali, maana huku ndilo jibu la kweli mara nyingi. Worling baadaye alitunga PROFESOR, yenye vipengele 20, ambamo kila jambo lina upande wa kinga na upande wa hatari, kwa vijana wa miaka 12 hadi 25, na lengo lake ni kupanga msaada. Kama ningeanza upya leo, ningeanza na hii ya mwisho. Mzazi akionyeshwa kwamba mwanawe ana nguvu fulani, hata kama ni mwalimu mmoja tu anayempenda au timu ya mpira anayoichezea, hukaa kusikiliza hata yale machungu.

Tathmini yoyote haina maana bila tiba, na hapa utafiti unatoa matumaini zaidi ya tunavyodhani. Huko Missouri, Charles Borduin na wenzake waliwagawa vijana 48 kwa kura: nusu walipata huduma ya kawaida, nusu walipata tiba inayofanyika nyumbani pamoja na wazazi, shule na marafiki. Baada ya takribani miaka tisa, waliokamatwa tena kwa kosa la kingono walikuwa asilimia 8 katika kundi la tiba ya familia na asilimia 46 katika kundi jingine. Kundi lilikuwa dogo, na hilo lisemwe wazi. Kwa watoto wadogo zaidi, wa miaka 5 hadi 12, Carpentier, Silovsky na Chaffin waliwafuatilia watoto 135 kwa miaka 10 baada ya vikao 12 vya kikundi. Waliopata mafunzo ya kudhibiti tabia, walezi wao wakishirikishwa, waliorudia walikuwa asilimia 2, wakati waliopata tiba ya michezo walikuwa asilimia 10. Watoto wa kliniki hiyo waliofika kwa matatizo mengine ya tabia, wasio na historia ya jambo hili, waliokuja kulifanya walikuwa asilimia 3. Hilo nimelisoma mara nyingi: vikao 12 na mlezi aliyeshirikishwa vilimweka mtoto karibu kabisa na mahali walipo wengine.

Sisi hatuna timu ya wataalamu wa kukaa na familia moja kwa miezi mitano. Tuna afisa mmoja, bodaboda, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata. Lakini kiini cha tafiti zile, kwamba mlezi ndiye anayefundishwa na nyumba ndiyo inayobadilishwa, kinawezekana hata hapa. Katika shauri la yule mvulana wa miaka 14 tuliandika mpango wa usalama wa ukurasa mmoja. Jambo la kwanza ndani yake lilikuwa kwamba anayehama ni aliyedhuru. Mtoto aliyedhuriwa abaki nyumbani kwake, kwenye kitanda chake na shuleni kwake, na ushauri aupate yeye kwanza. Mvulana alikwenda kwa mjomba asiye na watoto wadogo. Mjomba alifundishwa namna ya kuongea naye bila matusi wala fimbo, na mwalimu wake mmoja alielezwa kiasi cha kutosha ili asiachwe peke yake na wanafunzi wa madarasa ya chini. Kipigo cha baba kwa mama kilifunguliwa shauri lake katika Dawati la Jinsia na Watoto, kwa ridhaa ya mama.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na hofu moyoni kuhusu mwanawe, nasema kwamba fomu hizi si za kujaziwa nyumbani. Kila mwenye taarifa kwamba mtoto anadhuriwa ana wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na simu ya 116 haina malipo na inapokea pia mzazi wa aliyedhuru. Kuja mapema ni kumlinda mtoto wa mwenzako na wa kwako kwa pamoja.

Nitaendelea kutumia J-SOAP-II kama orodha ya maswali, hasa sehemu ya tatu na ya nne. Sehemu ya pili naijaza kwa penseli na kuijadili na mtu anayeujua ukoo. Jumla naiacha wazi. Namshauri afisa mwenzangu aipakue, asome mwongozo wote kabla ya kugusa karatasi ya alama, na asiwapime kwayo wasichana wala watoto walio chini ya miaka 12, kwa kuwa haikutungwa kwa ajili yao. Yule mvulana sasa ana miaka 16 na bado yuko kwa mjomba wake. Tathmini yake inayofuata ni baada ya mnada wa mwisho wa korosho, na nitakapofika nitaanza na ule ukurasa nilioongeza mwenyewe: nani alilala na watoto wakati wakubwa walipokuwa shambani.